Mkono wa Kulia kwa Anayejua

Kuna watu hapa Maryland ambao mpaka leo wakinikuta dukani Langley Park nachagua ndizi za kupika, hawanisalimu kama binadamu, wananyoosha mkono wa kushoto juu kabisa kama mtoto wa shule, halafu wanapita wakicheka, na mimi nabaki pale na ndizi zangu nikijifanya sikuona. Nyinyi mnaonijua mmewahi kuniuliza maana yake, na mimi nikawajibu kwamba ni salamu ya kanisani kwetu. Si salamu ya kanisani. Ni kumbukumbu ya jioni moja mwishoni mwa miaka ya tisini, jioni ambayo mimi, Kemunto, mwalimu wa Kiingereza kutoka Kisii mwenye cheti chenye muhuri, nilijivua nguo mbele ya watu bila kufungua hata kifungo kimoja.

Ngoja nianze pale inapofaa kuanza.

Nilipofika Amerika nilikuwa nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na mnajua sisi Wakenya tulivyo na lugha hiyo, tunaamini kwamba Mungu aliwapa Waingereza kwanza, sisi tukafuata, na Waamerika wakaokota yaliyobaki. Basi nilishuka kwenye ndege nikidhani watu watanipokea kwa kalamu na ubao. Walinipokea kwa glavu za mpira. Nilipata kazi ya kumhudumia mzee mmoja Silver Spring, kumwogesha, kumlisha supu, kumgeuza ubavu, na kazi hiyo siidharau (imenilisha na imewasomesha watoto wa dada yangu), lakini yule mzee kila asubuhi alinisahihisha matamshi huku mimi namvalisha soksi, na hilo lilinichoma moyo kuliko kitu chochote.

Ili nisisahau kwamba mimi ni mwalimu, nikaanzisha darasa la bure la jioni katika chumba cha chini ya kanisa letu. Viti vya kukunja, ubao mweupe wa kalamu zilizokauka, na harufu ya kahawa ya Jumapili iliyopita. Wanafunzi wangu walikuwa mchanganyiko, lakini watatu ndio mnaopaswa kuwajua. Wa kwanza ni Njoroge, kijana Mkenya mwenzangu aliyefanya kazi kwenye gereji ya kuegesha magari mjini, ambaye Kiingereza alikuwa nacho ila alitaka kukinyoosha. Wa pili ni Mzee Silivesta, Mrundi, mtu mzima wa adabu nyingi na kofia safi, ambaye Kiingereza hakuwa nacho wala hakionekani kuja. Wa tatu ni Mama Neema kutoka Bukavu, msafishaji wa ofisi, mwanamke mwenye haya hata akikohoa anaomba radhi. Huyu Mama Neema tangu aingie darasani hakuwahi kusema sentensi moja ya Kiingereza ambayo sikumwekea mimi mdomoni kwanza. Shikeni hilo.

Basi ikatokea kwamba shule moja ya jioni ya watu wazima ilitafuta mwalimu. Kazi ya mshahara! Ya ubao! Mchungaji akanitaja, na msimamizi wa shule ile, mama mmoja wa Kiamerika, akapiga simu akasema hahitaji kuona vyeti vyangu sana, angependa tu kuja kuniona nikifundisha darasa langu mwenyewe, jioni ya Alhamisi. Akipenda alichokiona, kazi ni yangu. Na mimi ningemuaga yule mzee wa Silver Spring pamoja na soksi zake na matamshi yake.

Sasa, mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angefundisha. Angeingia darasani siku hiyo afundishe kama anavyofundisha siku zote. Lakini mimi nilisikia neno "kuja kuniona" na kichwani mwangu likageuka kuwa neno moja tu: inspekta. Na inspekta, kwa sisi tuliofundisha kule nyumbani, hafundishiwi. Inspekta anatayarishiwa.

Kwa hiyo nikaamua jambo dogo sana. Nikaamua tufanye mazoezi.

Somo lenyewe nililichagua kwa mapenzi, na naomba nilieleze kidogo maana lilikuwa somo zuri na halikustahili yaliyolipata. Kitenzi cha Kiingereza kikivaa "to" mbele yake ni sawa na kitenzi chetu kilichovaa "ku": kula, kulala, kusaidia. Usikiogope. Ni mtu mpole, ila peke yake hafiki mbali, anataka mwenzake wa kutembea naye. Mpe kivumishi, useme "happy to help", na hapo umeeleza hali ya moyo wako, kwamba una furaha kusaidia. Mpe nomino, useme "time to eat", na hapo umesema wakati huo ni wa nini, wakati wa kula, kama tunavyosema sisi wenyewe kila siku bila kujua kwamba tunajua. Mpe kielezi, useme "to walk slowly", umeonyesha namna, kutembea polepole. Ndiyo basi. Mtu anayeweza kufanya hivyo anaweza kuomba kazi, kukataa kazi, kumwambia daktari panapouma na kumwambia mwenye nyumba kwamba hita imekufa. Vitabu vinalieleza jambo hili kwa majedwali mpaka mtu anatamani kurudi kwao, lakini Mama Neema alilishika kwa mfano wa sufuria, wakati wa kupika, na mimi niliona macho yake yakifunguka.

Ningeishia hapo ningekuwa na heshima yangu leo.

Jumamosi kabla ya ile Alhamisi nikawakusanya wote na kuwafundisha ule ujanja wa kale wa shule zetu. Nikawaambia: "Mgeni akiwa humu, nikiuliza swali, kila mtu ainue mkono. Kila mtu! Sitaki kuona mkono umelala. Ila anayejua jibu ainue wa kulia, asiyejua ainue wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia tu. Mgeni ataona msitu wa mikono, atashangaa."

Njoroge akapiga meza. "Manze, Madam! Hiyo tulikuwa tunafanya primari! Inspekta alikuwa anatoka akidhani sisi wote ni maprofesa."

"Umeona?" nikasema, nimevimba.

Mzee Silivesta akaitazama mikono yake miwili kwa zamu. "Mwalimu, mkono wa kushoto, mbele ya mgeni?"

"Ni kwa siku moja tu, Mzee."

"Sawa kabisa, mwalimu," akasema, kwa sauti ile ya mtu anayekubali ili usiaibike. (Mwalimu mzuri angeijua sauti ile. Mimi nilikuwa nahesabu mikono.)

Mama Neema naye akauliza polepole, "Mwalimu, na kama ile mama ananiuliza miye mwenyewe?"

"Hawezi kukuuliza, Mama Neema. Kuuliza ni kazi yangu. Yeye kazi yake ni kukaa nyuma."

"Bon," akasema, yaani sawa kwa Kifaransa cha kwao, lakini hakutulia.

Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaonja utamu wa ujanja, nikaongeza. Nikampa kila mtu sentensi yake ya kukariri. Njoroge: "I am ready to work", niko tayari kufanya kazi. Mzee Silivesta: "It is time to eat", ni wakati wa kula. Mama Neema: "I am happy to help." Tukaimba mpaka mlinzi wa kanisa akashuka kuuliza kama kuna kwaya mpya.

Nilipofika nyumbani nikamweleza binamu yangu Moraa, nesi ninayekaa naye. Alikuwa anakanda unga wa chapati, akaacha.

"Kemunto, wewe umekuja Amerika au umeleta Kisii na ndege?"

"Wewe hujui ualimu."

"Sijui ualimu, lakini najua hapa hakuna inspekta. Hapa mtu akija kukuona, anataka kukuona."

Nikamwambia apike chapati. Watu wenye jibu sahihi wana tabia mbaya ya kuwa na unga mikononi, huwezi kuwasikiliza.

Alhamisi ikafika. Nilivaa suti ya kijani niliyoinunua duka la mitumba, yenye mabega mapana kama ya askari wa gwaride, na nikapaka mafuta mikononi kuondoa harufu ya dawa ya kuoshea. Wanafunzi walikaa kwa safu, wamechana nywele, wameshika kalamu. Mlango ukafunguka akaingia yule msimamizi, mama mrefu wa buti za theluji na begi kubwa la kitambaa, anatabasamu, anaomba tumwite Carol. Carol! Mtu mwenye kazi yangu mkononi mwake anaitwa kama mtoto anayetumwa dukani. Nikaamua kumwita Madam Carol.

Wanafunzi wangu, kama nilivyowafundisha, wakasimama wote kwa mshindo mmoja wakapaaza sauti: "Good evening, Madam Carol! We are pleased to meet you!"

Madam Carol akaruka. Kweli, akarudi hatua moja mlangoni akatazama nyuma yake kuona kama kuna mtu mkubwa anayeingia. Alipoona hakuna, akasema asante, asante, akasimama pale akitabasamu.

Na wao wakasimama.

Sasa hapa nieleze, maana msiosoma kwetu hamtaelewa. Mgeni akiingia darasani mnasimama, na hamkai mpaka mgeni mwenyewe aseme kaeni. Mwalimu hawezi kuwakalisha, angekuwa amemvunjia mgeni heshima. Madam Carol hakujua kwamba anasubiriwa. Yeye alidhani ni desturi yetu kusoma tukiwa wima. Basi akabaki wima naye, kwa adabu. Mimi nikabaki wima, kwa adabu. Tukasimama wote, darasa zima, tukitabasamu kama watu waliopigwa picha na mpiga picha akaenda kula, mpaka Mzee Silivesta, ambaye magoti yake hayakuwa mazuri, akaanza kuyumba. Njoroge akaninong'oneza, "Madam, mwambie aseme sit down." Nikamnong'oneza, "Nyamaza, sisi hatumfundishi mgeni." Hatimaye Madam Carol akachoka akavuta kiti akakaa, na darasa likaporomoka kwenye viti kwa sauti ya chuma kama gari limegonga nguzo.

Nikajiambia mwanzo si mbaya.

Nikaandika ubaoni "I am ready to" nikaacha nafasi. Nikageuka na sauti yangu ya inspekta (ni sauti ambayo hutoka puani, Mungu anisamehe): "Who can tell us?"

Mikono! Jamani, mikono ilipanda kama maji kwenye sufuria. Kulia, kushoto, kote. Nikamtazama Madam Carol kwa pembe ya jicho, nikaona nyusi zake zimepanda pamoja na mikono. Nikamchagua Njoroge, mkono wa kulia, naye akasimama akapiga kelele kama anaandikishwa jeshini: "I am ready to work!"

Vizuri sana. Nikaandika "It is time to". Mikono tena. Na hapo nikaona kitu kilichonifanya nitake kulia kwa furaha. Mzee Silivesta, ambaye kwenye mazoezi hakuinua mkono wa kulia hata mara moja, ameinua mkono wa kulia! Umenyooka kama mlingoti. Nikasema moyoni, amekwenda nyumbani akasoma, mzee wa watu, Mungu anajibu maombi.

"Yes, Mzee Silivesta!"

Akasimama. Akavua kofia. Akanitazama kwa upendo mwingi. Akamgeukia Madam Carol, akainama kidogo, akasema, "Good evening." Akakaa.

Hakusoma chochote. Baadaye ndipo nilipoelewa, na nilipoelewa nilijiona mjinga wa daraja la kwanza: mzee yule alikuwa tayari kudanganya kwamba anajua, lakini hakuwa tayari kumwinulia mgeni mkono wa kushoto usoni. Mkono wa kushoto mbele ya mgeni ni tusi kwao, na kwetu pia, na mimi niliyelelewa kwa adabu ile ile ndiye niliyemwamuru. Kila swali nililouliza baada ya hapo, mkono wake wa kulia ulikuwa wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka.

Na ni nani aliyeuona mkono huo? Madam Carol, bila shaka. Anayeinua mkono kwa uhakika namna ile na haruhusiwi kusema, machoni mwa Mwamerika ni mtu anayeonewa. Akaniomba, kwa upole wote, kama anaweza kumuuliza yule bwana swali yeye mwenyewe.

Ningekataa vipi? Nikasema karibu.

Akamsogelea akamuuliza taratibu, kwa Kiingereza chepesi, mwisho wa juma huwa anapenda kufanya nini.

Mzee Silivesta akasimama akachota sentensi pekee aliyokuwa nayo ghalani. "It is time to eat."

Madam Carol akatazama saa yake. Akauliza kama huwa anakula jioni saa hizi.

"It is time to eat," akasema Mzee, sasa kwa nguvu kidogo, maana alihisi hajaeleweka.

Uso wa yule mama ukabadilika. Mnaijua ile huruma yao, ikianza haina breki. Akaona darasa zima limetoka kazini halijala, na mwalimu wao mkali wa mabega mapana anawalazimisha vitenzi. Akasema, oh, samahani sana, akafungua begi lake kubwa akatoa kopo la biskuti ambazo nadhani alizibeba kwa ajili ya safari ya kurudi, akaanza kupita kwenye safu akigawa. Mimi nimesimama ubaoni na kalamu iliyokauka, namwangalia mkaguzi wangu akigawa biskuti katikati ya somo langu.

"Tunakula ao tunashika tu?" nikamsikia Mama Neema akimuuliza jirani yake.

"Shikeni," nikasema kwa meno yaliyofungwa. "Mtakula baadaye."

Wakashika. Kila mtu biskuti yake. Na mtu aliyelelewa vizuri, awe wa Bukavu au wa Kisii au wa Bujumbura, chakula alichopewa na mgeni anakishika kwa mkono gani?

Ndiyo.

Sikuliona. Mimi mwenyewe nilikuwa na yangu, nimeishika mkono wa kulia, kalamu nimehamishia kushoto. Nikasema somo liendelee. Nikauliza swali jepesi kuliko yote, lile ambalo hata kiti kingelijibu, nimeandika "I am happy to" na nina hakika darasa zima linajua. Nikageuka.

Msitu wa mikono ya kushoto. Njoroge kushoto. Wale wanaojua, kushoto, wasiojua, kushoto, wananitazama kwa macho ya huzuni, maana nao wamegundua na hawajui la kufanya. Mkono mmoja tu wa kulia hewani, umeshika biskuti juu kama mwenge: Mzee Silivesta.

Nikazunguka na macho nikitafuta wa kuchagua. Sikupata. Sheria yangu mwenyewe imenifungia mlango. Na badala ya kumchagua mtu yeyote, kama mwalimu mwenye akili, nilisimama, na mikono ya watu waliochoka na kazi ikaanza kutetemeka hewani, na mimi bado natafuta kulia.

Madam Carol si mjinga. (Niliwadharau Waamerika kwa matamshi yao, nikasahau kwamba wana macho.) Akatazama mikono, akanitazama mimi, akatazama mikono tena. Akasema, kwa udadisi tu, wala si kwa ubaya, ameona mwanzoni baadhi wanainua kulia na baadhi kushoto, na mwalimu anachagua wa kulia, na sasa wote ni kushoto na mwalimu hachagui mtu. Je, kuna maana yoyote? Halafu akamgeukia aliyekuwa karibu naye kuliko wote.

Mama Neema.

Nilimtazama nikatabasamu tabasamu la kuomba. Nilikuwa namwambia kwa macho: sema sentensi yako, Mama Neema, "I am happy to help", useme hiyo tu ukae, yule mama atadhani hukuelewa swali, na jioni hii itaisha. Alinielewa. Niliona kabisa amenielewa. Akasimama, ameshika biskuti kwa mikono miwili sasa, kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake.

"Madam," akaanza. Akatafuta. Mdomo wake ulitembea bila sauti, akipanga maneno moja moja kama anavyopanga vikombe vya ofisi za watu. Halafu akasema, kwa Kiingereza, polepole na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"It is hard to lie to you."

Ni vigumu kukudanganya wewe.

Akavuta pumzi akaongeza kwa maneno yaliyovunjika lakini yaliyoeleweka na kila mtu humo ndani, mpaka mlinzi mlangoni, kwamba kulia ni kujua, kushoto ni kutojua, mwalimu wetu ni mzuri, anataka kazi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mkasa wenyewe ulipo, yote ya nyuma ni njia tu. Ningenyamaza, labda ningeokoka. Lakini mimi ni mwalimu mpaka kwenye mifupa, na nilichokisikia masikioni kwanza hakikuwa kwamba nimeuzwa. Nilisikia kwamba Mama Neema, ambaye hajawahi kusema sentensi yake mwenyewe, amechukua kivumishi ambacho sikumpa, akakiunganisha na kitenzi ambacho sikumpa, sawasawa, bila kosa. Moyo ukaniruka. Na mdomo wangu, ambao kwa miaka yote umezoea kufanya jambo moja tu jibu zuri likitoka, ukafunguka wenyewe:

"Very good, Mama Neema! Class?"

Na darasa, ambalo nimelizoeza kwamba mwalimu akisema "Class?" wote wanarudia kwa pamoja, likavuta pumzi likaimba, kwa sauti ya kwaya, likimtazama mkaguzi usoni, mkono wa kushoto bado juu:

"IT IS HARD TO LIE TO YOU!"

Mzee Silivesta alichelewa kidogo, akamalizia peke yake.

Nikamsikia Njoroge akisema taratibu, "Manze, Madam. Tumeisha."

Madam Carol hakucheka. Ningependa kuwaambia alicheka, ingekuwa nafuu. Aliweka kalamu yake begini, akasubiri nimalize somo (nililimalizia wapi sijui, nakumbuka tu suti ikininatia mgongoni), akawashukuru wanafunzi mmoja mmoja, akamwambia Mama Neema kitu kilichomfanya aangalie chini na kutabasamu. Mimi aliniita kwenye ngazi.

Nikajaribu kumweleza habari za inspekta wa kwetu. Alinisikiliza. Akasema, "Watu wako wanajifunza. Nimemsikia mmoja. Lakini jioni yote umekuwa ukiongea wewe, na walipokuwa wanaongea wao, ulikuwa bado ni wewe."

Kazi hakunipa. Alimpa kijana mmoja kutoka Woodbridge, ambaye hajawahi kusomea ualimu hata siku moja. Ila aliniambia kama nataka, naweza kwenda kukaa nyuma ya darasa la yule kijana jioni za Jumanne, nitazame, bila mshahara na bila kusema neno. Mimi! Mwenye cheti! Nilikwenda. Nilikwenda kwa dharau, ili nipate la kumwambia Moraa. Nikamkuta yule mtoto amewapanga watu duara, anawarushia mpira. Mpira! Anayedaka anasema chochote anachotaka kusema, anarusha kwa mwingine. Vitenzi vinavunjika kama sahani, hakuna anayeimba, hakuna anayesimama, na jambo lililoniudhi kuliko yote ni kwamba walikuwa wanaongea. Nilikaa pale nimekunja mikono yote miwili, na bado nilirudi Jumanne iliyofuata.

Moraa hakusema "nilikuambia". Alinipa chapati. Watu wa namna hiyo hawasameheki kirahisi.

Darasa langu la kanisani sikulifunga, ingawa nilitaka. Wiki moja baada ya jioni ile nilishuka zile ngazi nikijua hakuna mtu, nikawakuta wote, na Mama Neema mlangoni na sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, iliyofunikwa.

"Mwalimu, unanikasirikia?"

"Nilikukasirikia, Mama Neema. Imeisha."

"Miye nilitaka kusema ile yako, happy to help. Ikakataa kutoka." Akanikabidhi sahani kwa mikono miwili. Halafu akanisogelea, akashusha sauti, na nikaona kumbe hili ndilo lililomleta mapema. "Mwalimu, nakuuliza. Ile sentensi yangu, ilikuwa na makosa?"

Nilimtazama. Ningeweza kusema ndiyo. Mungu anajua nilitafuta kosa humo ndani wiki nzima, kitandani, kwenye basi, nikimvalisha yule mzee soksi.

"Haikuwa na makosa," nikasema. "Hata moja."

"Bon," akasema, akaenda kukaa mstari wa mbele, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

Siku hizi nikiuliza swali na mikono haipandi, siipandishi. Nakaa na mimi kwenye kiti cha kukunja, ingawa kinanibana, nanyamaza, nangoja. Inaniuma sana kungoja, sijazoea. Na mgeni akija kutuona, simtayarishii kitu, hata chai. Ila Mzee Silivesta bado anainua mkono wa kulia kwa kila swali, na mimi bado namchagua, na bado anavua kofia, ananiambia ni wakati wa kula.